Shefu Méthode na Vilio vya Watu

Shefu, yaani mkuu wa zoni ya Nyakabondo, alikuwa na koti moja jeusi la msibani, na koti hilo lilifanya kazi kuliko yeye mwenyewe. Wenye ndimi kali wa Buyenzi walisema limeshajua njia: ulitundike msumarini asubuhi, ikifika adhuhuri utalikuta limeketi peke yake kwenye matanga ya mtu, limekunja mikono, linasubiri chai. Kama ni uongo, waulizwe waliolipakulia.

Mwenye koti aliitwa Méthode. Mrefu, mpole wa sauti, hajawahi kusikika akimtukana mtu. Na alijua kulia, haki yake tumpe. Machozi yake hayakuja tonetone kama ya watu wengine. Yalitoka yote kwa pamoja, kama maji ya radieta iliyofunguliwa ingali ya moto, na waliokaa karibu walisogeza miguu.

Kazi haikumpungukia. Ulikuwa mwaka wa pili wa embago. Nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka, petroli inauzwa kwa chupa za bia, na mafundi wa magari wameketi juu ya matairi wakitazamana. Juu milimani kulikuwa na waasi, chini barabarani kulikuwa na askari, na katikati walikuwapo watu wa kufa. Nyakabondo ni kipande kidogo kilichobanwa kati ya Buyenzi na Jabe, kipande ambacho mtu akipiga chafya upande huu anaombewa afya upande ule, lakini wiki haikupita bila turubai kufungwa mbele ya nyumba ya mtu.

Aliyeyajua matanga hayo kuliko wote, kumzidi hata Shefu, alikuwa Saliha. Alikuwa mjane, mama wa mtoto mmoja wa kiume, na kazi yake kukodisha masufuria makubwa ya harusi na misiba. Harusi zilikuwa zimekwisha mjini. Masufuria yalikuwa hayapoi. Saliha alikuwa pia konseye, mmoja wa wale tisa waliochaguliwa kukaa kwenye baraza la zoni, na ndilo jambo lililomponza.

Maana lazima ieleweke jinsi shefu anavyotolewa. Hatolewi kwa kelele za barabarani. Konseye watatu lazima waandike shitaka na kulitia sahihi. Katibu wa zoni, Pontien, ambaye ndiye naibu wa Shefu na mwenyewe ni konseye, analigonga muhuri na kumkabidhi mshitakiwa. Baraza linaketi, mshitakiwa anasikilizwa mpaka amalize, halafu inapigwa kura ya siri. Sita kati ya tisa wakisema atoke, anatoka saa ile ile: anaweka muhuri na funguo mezani, naibu anavichukua. Karatasi inapanda kwa wakubwa wa juu baadaye, iwape raha yao ya kuisoma.

Mpaka hapo ni sheria nzuri. Lakini mwaka wa kwanza wa baraza, watu hao tisa waliongeza kifungu chao wenyewe, kwa huruma. Mtu mwenye kilio hasemwi kwa ukali, hadaiwi, habebeshwi shitaka mpaka kilio kiondolewe. Hivyo ndivyo walivyolelewa wote, wa msikitini na wa kanisani. Basi wakaandika: baraza haliketi juu ya mtu aliye na kilio, wala haliketi ikiwa mmoja wa konseye ana kilio. Wote tisa waliinua mikono. Mkono wa Saliha ulitangulia, kwa sababu wiki ile ndiyo alikuwa amemzika mumewe.

Hakuna aliyewaza kwamba itatokea vita ya kuwapa watu vilio mfululizo, wala kwamba Shefu atajifunza kuishi ndani ya kifungu hicho kama panya ndani ya gunia la mchele.

Ikaja habari ya Huseni. Huseni alikuwa fundi wa redio, kiwete wa mguu mmoja, na gongo lake lilijulikana mji mzima: alilitengeneza kwa fimbo ya gia ya lori, na chini akalivika kipande cha tairi lisiteleze. Asubuhi moja alipita kwenye kizuizi cha barabarani, kile wanachokilinda vijana wa Shefu, na hakuonekana tena. Mkewe aliuliza kwenye kizuizi, akaambiwa hakuna kiwete aliyepita.

Baada ya siku chache pikapu ya Shefu ikapelekwa kwenye gereji ya Mzee Massoudi, ilikuwa inakohoa. Aliyeishughulikia alikuwa Ilias, mwana wa Saliha. Akang'oa kiti apate kuona waya zilizo chini yake, na chini ya kiti akalikuta gongo.

Mtu mwenye akili ya vita angerudisha kiti, akafunga nati, akanyamaza. Ilias alilifuta vumbi gongo, akalibeba begani mchana kweupe, akalipeleka kwa mke wa Huseni.

Jioni ile ile vijana wa Shefu wakaja kumchukua. Wakasema anawapelekea waasi petroli. Petroli! Kijana ambaye pikipiki yake ilikuwa imekaa mwezi mzima inanusa tu tangi lake. Akatiwa kasho, kile chumba cha kufungia watu nyuma ya ofisi ya zoni, pamoja na vijana wengine watano. Na kila mtu Nyakabondo alijua kasho lina mlango mmoja wa kuingilia na lori moja la kutokea. Lori hilo la kijani lilikuja kila mwisho wa mwezi kuwachukua wafungwa "kwenda kuhojiwa". Hakuna aliyewahi kurudi kusema waliulizwa nini.

Saliha hakulia. Alikwenda kwa Mzee Massoudi, mwenye gereji, mzee wa msikiti na konseye vilevile, akamkuta anahesabu shanga za tasbihi kwenye gari lisilo na injini.

"Mzee, tumutoe," akasema.

"Nani? Ilias?"

"Shefu. Ilias hawezi kutoka kama Shefu hajatoka. Funguo iko mu mufuko wake."

Mzee Massoudi akaiweka tasbihi kando. "Mama Ilias, unajua kwenye unaingia?"

"Mi niko ndani tayari. Ni we naita."

Wakawa wawili. Wa tatu akawa Dévote, muuza vitenge wa soko la Jabe, mwanamke mnene mwenye sauti ambayo wachuuzi wenzake walidai inaweza kupindua mizani. Wakaandika shitaka: Huseni, gongo, kizuizi, watu waliopakiwa. Pontien akalipokea kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa samaki aliyelala. Alikuwa mtu mwoga, lakini mwoga wa sheria pia, muhuri akaugonga.

Siku ya baraza ikafika, Shefu akaingia na koti. Shangazi yake, akasema, amefariki huko mji wa Ngozi.

"Pole sana, Shefu," wakasema wote, ndivyo inavyosemwa. Baraza likavunjwa. Saliha ndiye aliyekodisha masufuria ya matanga hayo, na alipokuwa akiyasugua baadaye akamkumbuka shangazi huyo: alikuwa amekwisha kumpikia wali wa matanga mwaka uliopita. Shangazi wa Ngozi, yule yule, mwenye kansa ya titi ile ile. Akamwambia Dévote.

"Ehe! Amefufuka, halafu amekufa tena?" Dévote akapiga makofi. "Huyo shangazi ana bidii kuliko sisi wote!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu, halafu wakaacha kwa pamoja, kwa sababu siku zilikuwa zinakwenda.

Baraza likapangwa tena. Asubuhi yake bomu likaanguka kwenye duka la mikate na kumuua muuzaji na mama mja mzito aliyekuwa kwenye foleni. Hapo hapakuwa na uongo. Shefu akatangaza kilio cha zoni nzima, akaongoza maziko yote mawili, na kwenye kaburi la yule mama alilia hata mchimbaji akaweka koleo chini kumshika mkono. Saliha alisimama nyuma akiwaza jambo la aibu. Aliwaza kwamba maiti hawa wangengoja siku mbili tu. Akaomba msamaha, akawaombea wao, kisha akaliwaza tena.

Kila asubuhi alipeleka bakuli la chakula kwenye kasho, akampa mlinzi. Hakuruhusiwa kuona mtu. Alisubiri ukutani mpaka bakuli lirudi, na likirudi tupu alishukuru: anakula, basi yuko hai. Ilias alikuwa na tabia ya kupangusa bakuli kwa kidole tangu utoto, na Saliha alitazama ndani yake kama wengine wanavyotazama viganja.

Mwisho wa mwezi ukafika mlangoni. Lori lingekuja kesho yake. Siku ile ilikuwa Ijumaa, na kwa bahati ambayo Nyakabondo haikuizoea, hakuna aliyekuwa amekufa. Dévote alizunguka mitaa tangu alfajiri akiuliza afya za wazee. Bibi mmoja aliyekuwa akikata roho tangu Pasaka Dévote alimkuta ana hali mbaya, akamwinamia sikioni: "Bibi wangu, jikaze mpaka jioni. Kesho ruhusa." Bibi akajikaza. Wapo wanaoapa kwamba alijikaza miaka minne.

Baraza likaketi baada ya sala ya Ijumaa, kwenye ukumbi wa ofisi ya zoni, madirisha wazi kwa ajili ya joto. Karatasi za kura hazikuwapo, embago ilizila. Wakati huo walipigia kura kwa vitu vya gereji. Kila konseye alipewa msumari mmoja na nati moja. Anayetaka Shefu atoke atatia msumari kwenye debe la mafuta lililofunikwa kitambaa, anayetaka abaki atatia nati, na kilichosalia atakibana kiganjani mpaka nje.

Pontien aliketi mbele, mshitakiwa akiwa Shefu hawezi kuongoza. Jasho lilikuwa linamdondokea kwenye shitaka alilokuwa akilisoma. Mzee Massoudi akasimama na kueleza habari ya gongo, bila kupamba, gongo lenyewe likiwa mezani. Halafu zamu ya mshitakiwa.

Méthode akazungumza taratibu. Alisema vita ni vita. Alisema gongo linaweza kuwekwa chini ya kiti cha mtu yeyote na fundi yeyote, hasa fundi mwenye mambo yake na waasi. Alisema anamheshimu Mama Ilias, na kwamba mama anayempigania mwanawe yeye hawezi kumlaumu. Aliposema hivyo Saliha aliwatazama wenzake mmoja baada ya mwingine. Mzee Massoudi, Dévote, naye mwenyewe: watatu. Wawili wa Jabe walikuwa wamemwahidi. Wa sita hakumjua. Labda Aloys, mtunza bohari kule Zone Industrielle, kwenye viwanda, mtu aliyekuwa akitazama viatu vyake tangu kikao kianze. Labda Pontien mwenyewe, na huyo alitaka kuwa popote duniani isipokuwa hapo.

Ndipo mlinzi wa kasho alipoingia. Alikwenda moja kwa moja kwa Shefu, akamnong'oneza. Shefu akafumba macho. Akanyoosha mkono nyuma ya kiti, akachukua koti jeusi, akalivaa, akafunga vifungo vyote, kwa utaratibu.

"Ndugu zangu," akasema, na machozi yakatoka. "Tuache maneno. Zoni yetu imepata kilio. Ilias, mutoto wa mama yetu hapa, ameugua ghafla mu kasho. Ametutoka, saa hii hii."

Viti vikakwaruza. Wote wakasimama, isipokuwa mmoja. "Inna lillahi," akasema Mzee Massoudi. Aloys akavua kofia. Dévote akaweka mikono kichwani, akafungua mdomo.

Mzee Massoudi akamkamata mkono. Dévote akaufunga.

Maana huku kilio kina mwenyewe. Unaweza kufika, ukakaa chini, ukajifunga kitenge kiunoni, ukameza mate mpaka koo liume. Lakini hakuna anayepaza sauti kabla ya mwenye maiti. Kuanza kabla yake ni kumwibia. Basi wote wakamgeukia Saliha, wakingoja.

Saliha alikuwa bado ameketi. Nati mkono wa kushoto, msumari mkono wa kulia.

"Nani amemuona?" akauliza.

"Mlinzi amemuona, mama," Shefu akasema kwa upole. "Twende pamoja. Nitakushika."

Alikuwa akiwaza bakuli. Asubuhi ile lilirudi tupu, limepanguswa. Alikuwa akimwaza pia yule shangazi wa Ngozi na vifo vyake viwili. Mtu anayemwua shangazi yake mara mbili atashindwa kumwua mtoto wa mwenzake mara moja, kwa mdomo tu? Na kulikuwa na wazo jingine, lililosimama nyuma ya mawazo hayo likiwa kimya. Saliha hakuligeukia.

Pontien akakohoa. "Mama Ilias, pole, pole sana. Kanuni inasema kama konseye ana kilio... baraza tunalivunja. Tutapanga siku ingine."

"Siku gani?"

Siku nyingine ilikuwa upande wa pili wa lori.

"Kanuni inasema mutu mwenye kilio," Saliha akasema. "Kilio ni cha nani hapa?"

"Cha kwako, mama."

"Mi nimelia?"

Nje mtu aliburuta kitu cha bati.

"Nauliza, Pontien. Umenisikia nalia? Dévote, we rafiki yangu, umesikia? Mzee?"

"Apana," akasema Mzee Massoudi polepole. "Hatujasikia."

"Basi hakuna kilio. Mukae."

"Mama!" Shefu akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ya upole ilipata ufa. "Mutoto wako amelala pale chini, na we unataka kura? Ni mama gani huyu? Watu watasema nini?"

"Watasema," akajibu. "Kama amekufa, Ilias atanisubiri. Ana adabu. Kama ni muzima, hawezi kusubiri. Pontien, leta debe."

Pontien alitazama mlango, akamtazama Shefu, akatazama kanuni, na huenda ndiyo mara ya kwanza maishani mwake woga wake wa sheria ulipoushinda ule mwingine. Akalisukuma debe katikati ya meza.

Saliha akaanza. Akapeleka mkono wa kulia chini ya kitambaa, debe likalia. Mzee Massoudi akafuata, akafuata Dévote ambaye alikuwa ameuma kitenge chake asitoe sauti. Wa Jabe wawili. Wengine wawili walitia haraka kama waliounguzwa. Aloys alikaa na mkono ndani ya debe muda mrefu hata Shefu akaanza kumtabasamia. Wa mwisho Pontien.

Debe likapinduliwa. Misumari ilikuwa sita, nati tatu.

Nani alitia msumari wa sita, Nyakabondo wanabishana mpaka leo, na kila mmoja wa wale wanne waliosalia ameshadai ni wake, hata wale watatu walioogopa.

Méthode hakupiga kelele. Aliweka muhuri mezani. Akaweka funguo, akazipanga vizuri. "Karatasi itapanda juu," akasema. "Tutaona juu watasema nini." Na juu walisema, miezi kadhaa baadaye: walimpa zoni nyingine, kubwa zaidi, na gari jipya. Lakini hayo yalikuwa mbele. Saa ile alimwinamia Saliha, akamwambia "pole" tena, akatoka kwenda kwenye ofisi yenye simu.

"Upesi," akasema Mzee Massoudi. "Anaita askari."

Walivuka uwanja. Saliha hakukimbia. Dévote alimshika kiwiko akitaka kumwongoza, akakuta anaongozwa yeye. Pontien alijaribu ufunguo mmoja, haukuingia, akajaribu mwingine. Mlinzi alikuwa ameshatoweka. Mlango ukafunguka na harufu ikatoka kabla ya watu.

Wakatoka wanne, mmoja mmoja, wakikinga macho jua. Wa tano, Claude, kinyozi, alibaki mlangoni akijiegemeza.

"Mama Ilias," akasema. "Usiingie."

Akaingia.

Ilias alikuwa amelazwa pembeni, amenyooshwa vizuri, miguu imefungwa pamoja kwa kamba ya kiatu. Uso ulifunikwa kwa shati la Claude. Saliha akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye kifua. Kulikuwa na joto la tanuri mle ndani, na kifua kilikuwa baridi. Akaushika mkono wa mwanawe autie kwenye wake, mkono haukukunjika.

"Saa hii hii?" akauliza bila kugeuka.

"Apana, mama. Jana. Alasiri. Bakuli la leo tumelipangusa sisi, walitulazimisha." Claude alizungumza akitazama sakafu. "Walimupiga juzi, akaanza kutapika damu. Tukagonga mulango. Mi niligonga mpaka mikono ikavimba. Shefu akakuja yeye mwenyewe, akachungulia, akamugusa na mguu. Akasema: mumuache hapo. Kesho nitamuhitaji."

Pontien, aliyekuwa ameinamia kizingiti, akatoka nje.

Jana alasiri. Alasiri ya jana Saliha alikuwa ameketi kwa mke wa Aloys, anakunywa maji ya ndimu, anamwomba azungumze na mumewe. Alikuwa akiutafuta msumari wa sita, kama ulikuwa wa Aloys. Na hapa mtu amefungwa miguu kwa kamba ya kiatu, amewekwa akiba kama kitoweo.

Alitengeneza shati juu ya uso wa Ilias, akanyanyuka, akatoka.

Nje walikuwa wamesimama wote. Dévote, Mzee Massoudi, Aloys na kofia yake kifuani, mafundi wawili waliosikia na kuja, mke wa Huseni. Na vijana watano wa kasho nao wamesimama kando, wamevimba, wachafu, vichwa chini. Hawakuondoka. Hakuna anayempa mgongo mwenye maiti kabla hajalia; ingekuwa aibu ya maisha. Wote wakamtazama mdomo.

Saliha akawatazama wale watano. Kutoka ofisini ilisikika sauti ya Méthode, ya upole tena, ikitaja jina la zoni kwenye simu, ikilirudia herufi kwa herufi.

Angelia sasa, mtaa mzima ungejaa hapa. Watu wangefunga njia, vijana hawa wangenaswa katikati, wakibeba jeneza, wakishika turubai, na askari wangewakuta wamejipanga.

"Nyinyi," akawaambia. "Muende."

Hawakusogea. Claude akafungua mdomo.

"Mama, tumuzike kwanza. Alikuwa wetu."

"Muende, nimesema! Claude, chukua wenzako. Mupite nyuma ya gereji, muingie Buyenzi, kila mutu njia yake. Musirudi nyumbani kwenu. Musitembee wawili." Sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayepanga masufuria. "Mi siwezi kuanza nyinyi mukiwa hapa. Munanichelewesha."

Wa kwanza akaondoka akirudi kinyumenyume, mkono kifuani. Wa pili akafuata. Mzee Massoudi akawasukuma wengine kwa fimbo yake akiwaambia maneno ambayo haijulikani kama yalikuwa dua au matusi. Walikuwa hawawezi kukimbia, miguu ilikuwa imewafa ganzi. Wakaenda wakiburura viatu visivyo na kamba.

Saliha akasimama mlangoni pa kasho akiwafuata kwa macho. Mmoja akapotea kwenye kona ya msikiti. Mwingine akaingia kati ya magari mabovu. Dévote alikuwa amesimama kando, kitenge kimejaa mdomoni, machozi yanashuka bila sauti.

"Mama Ilias," akanong'ona Pontien, "nadhani vijana wameshafika mbali."

"Bado Claude."

Claude alikuwa anakokota mguu kando ya ukuta wa gereji. Alisimama mara moja kupumzika, akageuka nyuma. Saliha akampungia mkono kama mtu anayefukuza kuku. Akaendelea. Ukuta ule haujawahi kuwa mrefu, lakini jioni ile ulirefuka ukapita Jabe, ukagusa ziwa. Mwishowe shati lisilokuwapo mgongoni mwake, mgongo wenyewe, na kisigino cha mwisho, vikaishia kwenye pembe.

Saliha akasubiri kidogo zaidi.

Halafu akakaa chini kwenye vumbi, akavua mtandio, akafungua mdomo. Haikutoka sauti kubwa. Ilikuwa ndogo, nyembamba, hata Dévote ikambidi ainame aisikie, ndipo akaipokea.